Watoto wasioumwa: kisa cha nyumba za kinga dhidi ya kifua kikuu

Mwaka 1909 wakazi wa Lakewood, mji wa mapumziko katika jimbo la New Jersey, Marekani, walikataa wageni. Nathan Straus, tajiri wa New York na mmoja wa wamiliki wa duka kubwa la Macy's, alikuwa ametoa nyumba pale iwe makazi ya watoto wa maskini wa jijini. Nyumba yenyewe haikuwa kibanda: Rais Grover Cleveland aliwahi kupumzikia humo. Na watoto hawakuwa wagonjwa. Hawakuwa na homa, hawakukohoa, na walichaguliwa kwa sababu hiyo hasa. Kosa lao lilikuwa moja: kwao, katika vyumba vya kupanga vya New York, kulikuwa na mtu mwenye kifua kikuu.

Watu wa Lakewood hawakutaka kusikia. Mji wao uliishi kwa wageni wenye pesa waliokuja kupunga hewa ya misonobari, na fununu ya kifua kikuu ingetosha kuwafukuza wote. Ukazuka mvutano, na hatimaye watoto wakahamishiwa mashambani, Farmingdale, si mbali na hapo. Huko ndiko ilikokita mizizi taasisi ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Ikaitwa preventoria.

Neno hilo halijazoeleka kwetu, na hata lilikotoka limesahaulika. Sanatoria wengi wamewahi kuisikia: hospitali ya milimani au ya mbali na mji, ambako mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa kwa miezi, pengine miaka. Preventoria ilikuwa ndugu yake mdogo. Hiyo haikupokea wagonjwa. Ilipokea watoto wazima waliohofiwa kuwa wataugua, ikawalaza, ikawalisha, ikawaanika juani, kisha ikawarudisha kwao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 nyumba hizi zilienea Marekani, Kanada, Ufaransa, Hispania na kwingineko. Ile ya jimbo la Mississippi ilifunguliwa 1929 na ikaendelea hadi 1976.

Daktari mwenye akili timamu anamlazaje mtoto asiyeumwa? Jibu lipo, na si la kijinga hata kidogo. Shida ni kwamba ndani ya nyumba hizo kulifungwa pamoja mambo manne au matano tofauti, mengine ya kweli, mengine ya kubahatisha, na imechukua karibu miaka 100 kuyafungua moja moja.

Kaa la moto chini ya majivu

Tuanze na jambo ambalo hata leo huwachanganya watu kliniki: kuambukizwa kifua kikuu si kuugua kifua kikuu. Mgonjwa mwenye TB ya mapafu anapokohoa, au hata anapozungumza, hutoa vimelea vinavyoelea hewani chumbani. Anayeshinda naye humo huvivuta. Lakini mara nyingi mwili wa aliyevivuta huvizingira na kuvijengea ukuta. Vimelea havifi, ila havifurukuti. Ni kama kaa la moto lililofunikwa na majivu: ukipita huoni moshi, ukigusa jiko unadhani limepoa. Mtu wa namna hii hakondi, hatoki jasho la usiku, wala hamwambukizi mwenzake. Shirika la Afya Duniani, WHO, hukadiria kwamba kama robo ya watu wote duniani wanalo kaa hilo kifuani, na kati ya kila 100 wa hao, 5 hadi 10 wataugua siku moja ya maisha yao.

Watu wa karne ya 19 hawakuwa na njia ya kuliona kaa hilo. Robert Koch alitangaza kimelea cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. (Ni Koch huyu huyu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, na baadaye akapiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, kutafuta dawa ya malale.) Mwaka 1890 alitangaza tena, safari hii dawa: tuberkulini, maji yaliyotokana na vimelea vyenyewe. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine ilizidi kuwaumiza. Aibu ilikuwa kubwa.

Lakini tuberkulini ilipata kazi nyingine. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna, aliikwaruza kidogo kwenye ngozi ya mkono. Mtoto ambaye mwili wake umeshakutana na vimelea, ngozi ilivimba na kuwa nyekundu. Asiyekutana navyo, hakuna kitu. Mwaka uliofuata Charles Mantoux wa Ufaransa akaonyesha njia ya kuichoma ndani ya ngozi kwa sindano, na jina lake bado liko kwenye kipimo hicho hadi leo.

Majibu yaliwashangaza madaktari. Katika miji ya Ulaya na Marekani, watoto chungu nzima wanaocheza vibarazani walikuwa wameambukizwa tayari. Ghafla likazaliwa kundi jipya la watu, ambao si wagonjwa wala si salama. Sanatoria haikuwataka, shule haikujua la kuwafanyia, na dawa haikuwepo. Preventoria ilijengwa kwa ajili yao.

Kuokoa mbegu

Hapa pana fundo la kwanza la kufungua, maana hata vitabu hulipita haraka. Kabla ya Lakewood kulikuwa na Ufaransa, na wazo la Ufaransa lilikuwa tofauti.

Jacques-Joseph Grancher alikuwa daktari wa watoto na rafiki wa Louis Pasteur. Pasteur hakuwa na leseni ya udaktari, hivyo mwaka 1885 alipotaka kumdunga kijana Joseph Meister chanjo ya kichaa cha mbwa, mkono ulioshika sindano ulikuwa wa Grancher. Mwaka 1903 Grancher alianzisha shirika la kuwakinga watoto dhidi ya kifua kikuu, na mawazo yake aliyachota kwa Pasteur, tena si kwenye chanjo bali kwenye nondo wa hariri. Pasteur alipoitwa kuokoa ufugaji wa hariri uliokuwa unaangamizwa na ugonjwa, hakuwatibu viwavi wagonjwa. Alitenga mayai mazima, akaendeleza hayo peke yake. Okoa mbegu.

Basi Grancher akachukua watoto wa wazazi wenye kifua kikuu, watoto ambao wenyewe walikuwa bado hawajaugua, akawatoa Paris na kuwapeleka kuishi na familia za wakulima vijijini. Hapakuwa na jengo wala wodi. Mtoto alipata baba na mama wa kulea, akaenda shule ya kijiji, akachunga bata. Daktari wa eneo alipita kumwangalia.

Kwa msomaji wa huku wazo hili halihitaji maelezo marefu. Mambo yakiharibika nyumbani, mtoto anapelekwa kwa bibi. Tofauti ni kwamba bibi ni wako, na mkulima wa Grancher alikuwa mtu baki anayelipwa.

Sasa angalia tofauti ya kitaalamu. Grancher alikata njia ya maambukizi: alimwondoa mtoto kabla hajavuta vimelea, au kabla hajavivuta vingi zaidi. Hilo lina mantiki mpaka leo. Preventoria ya Marekani, kwa kutumia kipimo cha ngozi, ilimchukua mtoto aliyekwisha kuambukizwa. Ikadai kwamba miezi michache ya hewa, jua na maziwa ingelifunika kaa lake lisiwake. Hayo ni madai mawili tofauti kabisa, ila kwa kuwa yote yalihusu watoto, shamba na kifua kikuu, watu waliyachanganya na kuyatetea kwa ushahidi mmoja.

Sungura wa Trudeau

Imani ya hewa ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye sanatoria. Hermann Brehmer alifungua ya kwanza iliyojulikana sana miaka ya 1850 huko Görbersdorf, kijiji cha milimani ambacho leo kiko Poland. Wengine wakafuata, Davos ya Uswisi ikawa mji mzima wa wakohozi matajiri. Marekani ilikuwa na Edward Trudeau, daktari aliyeugua mwenyewe, akaenda milima ya Adirondack kufa, akaona nafuu, akabaki na kujenga sanatoria Saranac Lake.

Trudeau alifanya jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Alichukua sungura 15. Watano aliwadunga vimelea vya kifua kikuu akawafungia kwenye shimo lenye giza na unyevu, chakula kidogo. Watano hakuwadunga, ila aliwafungia vivyo hivyo. Watano wa mwisho aliwadunga kisha akawaachia huru kwenye kisiwa kidogo ziwani, wale na kuruka wapendavyo. Katika kundi la kwanza wanne walikufa. La pili walikonda lakini hawakupata ugonjwa. La tatu, kule kisiwani, alikufa mmoja.

Matokeo hayo, aliyoyachapisha 1887, yalisema mambo mawili kwa pamoja: shida peke yake haileti kifua kikuu bila kimelea, na kimelea peke yake hakishindi mwili uliotunzwa. Yote mawili ni kweli. Lakini sungura wa kisiwani walipata hewa, jua, mwendo na chakula tele kwa mkupuo. Kipi kiliwaokoa? Jaribio halisemi. Madaktari wa wakati ule walijibu "hewa", na jibu hilo likachorwa kwenye ramani za majengo: vibaraza vipana, madirisha yasiyofungwa, vitanda nje hata theluji ikianguka.

Siku moja ndani ya nyumba ya kinga

Kwa jicho la leo maisha ya humo yalikuwa kati ya kambi ya likizo na jeshi. Ratiba ilikuwa kengele. Kuamka, kunawa, kula, kupimwa joto, masomo machache nje, kula tena, kulala mchana kimya bila kuzungumza, kuota jua, kula, kulala kwenye kibaraza kilicho wazi. Mizani ndiyo iliyokuwa hakimu: watoto walipimwa uzito kila mara, na kilo zilizoongezeka ndizo zilizoandikwa kwenye taarifa za kuwaonyesha wafadhili. Mtoto aliyenenepa alihesabiwa kuwa mtoto aliyekingwa.

Jua nalo lilikuwa na sheria zake. Fundi wake mkuu alikuwa Auguste Rollier, aliyefungua kliniki Leysin, Uswisi, mwaka 1903 kwa ajili ya kifua kikuu cha mifupa, na mwaka 1910 akaongeza shule ya jua kwa ajili ya watoto dhaifu wasiougua bado. Kwake mtu hakuanikwa ovyo. Siku ya kwanza zilitolewa shuka miguuni tu, nyayo zikaota jua dakika 5, mara chache kwa siku. Siku iliyofuata nyayo zikaongezewa muda, na jua likapanda hadi muundi. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, hadi magoti, mapaja, tumbo, kifua. Mwishowe watoto walionekana wakiteleza kwenye theluji wamevaa kofia, viatu na kipande cha nguo kiunoni, weusi kwa jua. Picha hizo zilizunguka dunia na zilichangisha fedha kuliko hotuba yoyote.

Fedha zenyewe mara nyingi zilitoka mifukoni mwa watu wa kawaida. Mwaka 1904 Einar Holbøll, karani wa posta wa Denmark, alibuni stempu ya Krismasi isiyo ya kutumia barua bali ya kuchangia watoto wenye kifua kikuu; mwaka 1907 Emily Bissell akalipeleka wazo hilo Marekani. Senti moja kwa stempu.

Kilichokuwa kichungu ni kuagana. Wazazi waliruhusiwa kuja mara chache, kwa hofu ya kuleta vimelea na kwa imani kwamba mtoto akimwona mama atalia na kushindwa kula. Tena taasisi nyingi hazikuficha kuwa zilitaka kumfunza mtoto wa mhamiaji maskini usafi na adabu, ili akirudi akamfunze mama yake. Hapo kinga iligeuka kuwa hukumu juu ya jikoni la mtu.

Je, watoto waliumia? Mwaka 1956 John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza athari za kumtenga mtoto na mama, na wenzake wa London walichapisha uchunguzi wa watoto 60 waliokuwa wamelazwa sanatoria kabla ya kutimiza miaka 4. Wengi hawakuharibikiwa kwa kiwango ambacho Bowlby mwenyewe alikuwa amehofia, ingawa tofauti na wenzao zilionekana. Mmoja wa waandishi wa uchunguzi huo alikuwa Mary Ainsworth, ambaye miaka hiyo hiyo alikuwa amehamia Kampala, akitembelea nyumba za Waganda na kuandika namna mtoto mchanga anavyomfuata mama kwa macho akitoka chumbani. Elimu ya leo kuhusu mtoto na mlezi wake ina mguu mmoja katika wodi za kifua kikuu na mwingine katika vibaraza vya Buganda.

Walichukua watoto wasio sahihi

Nimesema jibu lao halikuwa la kijinga. Lakini lilikuwa na kosa moja kubwa, na kosa hilo linahusu umri.

Farmingdale ilichukua hasa watoto kuanzia kama miaka 4 hadi 14, na nyingi nyingine zilifanya vivyo hivyo. Ilikuwa rahisi: mtoto wa umri huo anajilisha, anajivika, anafuata kengele. Sasa tazama hatari inavyokwenda. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja akiambukizwa na asipewe dawa, karibu nusu huugua, na baadhi yao hupata ile TB ya ubongo inayoua au kulemaza. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 akiambukizwa, wanaougua ni kama 2 tu katika 100. Ni umri wenye nafuu kuliko wote. Baadaye, ujanani, hatari hupanda tena.

Kwa maneno mengine, nyumba za kinga zilijaa watoto ambao wengi wao wasingeugua hata kama wangebaki kwao wakicheza barabarani. Walipotoka wazima, sifa ikaenda kwa hewa ya misonobari. Hapakuwa na kundi la watoto wa kulinganisha nao. Na ndugu zao wachanga, wale waliokuwa hatarini kwelikweli, walikuwa nyumbani mgongoni mwa mama anayekohoa.

Straus huyu huyu alikuwa na mradi mwingine usio na picha za kuvutia. Tangu 1893 alikuwa akigawa New York maziwa yaliyopashwa moto kuua vimelea. Ng'ombe nao wana kifua kikuu chao, na maziwa mabichi hukipeleka tumboni mwa mtoto. Kama ningeulizwa ni kipi kati ya miradi yake miwili kilichozuia kifua kikuu kwa watoto wengi zaidi, nisingefikiri mara mbili: ni chupa ya maziwa.

Kufungua furushi

Yale yaliyofungwa pamoja katika preventoria yamekuja kupimwa moja moja.

Jua kwanza. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, na kwa miaka mingi ilidhaniwa hiyo ndiyo siri. Watafiti wakawapa vitamini D au kidonge kitupu watoto wa shule zaidi ya 8,000 huko Ulaanbaatar, Mongolia. Matokeo yaliyotoka 2020 hayakuonyesha tofauti yoyote katika maambukizi ya kifua kikuu. Nyayo za Leysin ziliota jua bure, angalau kwa upande huu.

Hewa inahitaji uangalifu zaidi. Dirisha wazi hufanya kazi kweli, ila si ile waliyoidhania. Mwaka 2007 watafiti walipima hospitali za Lima, Peru, wakaona majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalibadilisha hewa vizuri kuliko majengo mapya. Hewa ikibadilika, vimelea vinatawanyika, na aliye chumbani havuti vingi. Basi hewa humlinda ambaye hajaambukizwa. Kwa aliyekwisha kuvivuta, upepo wa mlimani hauingii ndani ya ukuta wa lile kaa.

Chakula ndicho kilichonishangaza. Kwa muda mrefu wataalamu walikidharau, wakisema ni mambo ya bibi. Halafu katika jimbo la Jharkhand, India, likafanyika jaribio la watu zaidi ya 10,000 waliokuwa wakiishi nyumba moja na wagonjwa wa kifua kikuu. Familia moja ilipata kikapu cha nyongeza cha chakula, nyingine haikupata. Matokeo ya 2023: walioongezewa chakula waliugua pungufu kwa asilimia 39. Wapishi wa Farmingdale walikuwa karibu na ukweli kuliko madaktari wao.

Halafu kuna utengano wenyewe, kumtoa mtoto na mgonjwa wasikae chumba kimoja. Hili lilivunjwa nguvu Madras, India, ambayo leo ni Chennai. Kuanzia 1956 wagonjwa wa kifua kikuu waligawanywa: nusu wakalazwa sanatoria na kupata kitanda, mapumziko na chakula kizuri, nusu wakabaki kwenye vyumba vyao vilivyosongamana, wakila walichopata. Wote walipewa dawa zile zile kwa mwaka mzima. Ripoti ya 1959 ilionyesha kwamba wa nyumbani walipona karibu sawa na wa sanatoria, na kwamba ndugu walioishi nao hawakuugua zaidi. Dawa ilikuwa inazima maambukizi haraka kuliko kuta. Baada ya hapo hoja ya vitanda vya milimani ilibaki bila miguu.

Afrika Mashariki ilikuwa na sanatoria yake: Kibong'oto, kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa 1926 na ambayo bado ni hospitali ya magonjwa ambukizi. Na ni huku huku, katika majaribio ya pamoja ya Waingereza na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikothibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba matibabu ya mwaka mmoja na nusu yanaweza kubanwa yakawa miezi 6. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma chini ya ushauri wa Karel Styblo, Mcheki aliyeambukizwa TB akiwa mfungwa wa Wanazi kambini Mauthausen. Rejista, makohozi chini ya hadubini, dawa bila kukatika, kufuatilia kila mgonjwa hadi mwisho: mtindo huo ulioshonwa Tanzania ndio WHO iliousambaza duniani miaka ya 1990 kwa jina la DOTS.

Kovu na kidonge

Mtoto mchanga je, yule aliyesahauliwa mgongoni? Kwake zilikuja kinga mbili, na zote hazihitaji jengo.

Ya kwanza unayo mwilini. Albert Calmette na Camille Guérin walikuza vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe kwenye viazi vyenye nyongo, wakavihamisha mara 230 kwa miaka 13 hadi vikapoteza makali. Mwaka 1921 huko Paris chanjo hiyo, BCG, ilipewa mtu kwa mara ya kwanza: kichanga ambaye mama yake alikufa kwa kifua kikuu baada ya kujifungua, na aliyekuwa analelewa na bibi mwenye ugonjwa ule ule. Grancher angempeleka kijijini. Huyu alibaki kwa bibi, na hakuugua. Njia haikuwa nyororo: mwaka 1930 mjini Lübeck, Ujerumani, chanjo ilichanganyika maabara na vimelea vikali, na watoto zaidi ya 70 wakafa. Imani ilirudi polepole. Leo Mtanzania analo kovu lake juu ya mkono wa kulia, Mkenya kwenye kigasha cha kushoto, na wakaguzi wa utani wa mpakani hulitumia kama pasipoti. Chanjo hiyo humlinda mtoto mdogo na TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. TB ya mapafu ya mtu mzima haiizuii vizuri.

Kinga ya pili ni isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika 1952. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 George Comstock aliijaribu huko Bethel, Alaska, ambako kifua kikuu kilikuwa kikali mno: watu wasioumwa walimeza kidonge kila siku kwa mwaka, na waliougua walipungua kwa zaidi ya nusu. Comstock aliwaambia watu wanywe, naye akainywa pamoja na mke na watoto wake. Hapo swali la mwaka 1909, nini afanyiwe mtoto aliyeambukizwa ambaye bado haumwi, lilipata jibu linaloingia kwenye pakiti ndogo.

Ndiyo tiba kinga inayotolewa kliniki zetu. Mtu akigundulika na TB ya mapafu, muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii huja nyumbani kuuliza nani analala chumba hicho, hasa walio chini ya miaka 5 na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Asiye na dalili huandikiwa dawa: isoniazidi kwa miezi 6, au siku hizi mchanganyiko wa miezi 3. Kwa mtoto mdogo kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji, na kinanywewa hapo hapo kabla ya uji, nyumbani kwao, mama akiwa pembeni.

Kazi ngumu huanza mwezi wa pili. Mgonjwa mwenyewe ameshapata nafuu, kikohozi kimekatika, na yule mtoto anakimbia uwanjani na wenzake. Mama anarudi kliniki na pakiti iliyobaki nusu, anaiweka mezani, na anauliza kwa haki kabisa: "Sista, dawa ya nini, na mtoto haumwi?"